Pengo la Jino Halisubiri Desemba

Nimeng'oa jino, pengo nitaliziba nikipata hela. Kuna ubaya?

Upo, na ndio ninaouona hapa Moshi kila Desemba, watoto wakirudi nyumbani kwa sikukuu na kumleta mama awekewe jino la kupandikiza. Naubana ufizi kwa kidole gumba na cha shahada: umebonyea, mwembamba kama ukingo wa sahani. "Uling'oa lini, mama?" Miaka minane. Jino likitoka, mwili huanza kuunyonya mfupa uliolishika. Ndani ya mwaka upana wake unaweza kupungua hata nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Ndipo mara nyingi inabidi tupandikize mfupa kwanza.

Kupandikiza mfupa ndiyo nini?

Ni kujaza chembe za mfupa palipopungua, ili skrubu ya titani inayobeba jino jipya ipate pa kushika. Chembe hutoka mwilini mwako, au kwa ng'ombe zikiwa zimesafishwa yakabaki madini tu, au hutengenezwa kiwandani.

Ni upasuaji mkubwa?

Ukiwahi, hapana. Siku ileile ya kung'oa, shimo linajazwa, linafunikwa kwa utando mwembamba, nyuzi mbili tatu, ganzi ya kawaida, unarudi nyumbani. Mara nyingi ufizi haupasuliwi. Ukichelewa ndipo tunaufunua, na pengine kukata kipande cha mfupa nyuma ya taya ili tukipandikize penye pengo.

Kwa hiyo nije lini?

Kabla ya kung'oa. Narudia, kabla ya kung'oa. Huenda hata jino lenyewe linaokoleka. Kama limeshatoka, njoo wiki hizi hizi.

Lakini haliniumi.

Pengo haliumi. Mfupa unaondoka kimyakimya, hauumi hata siku moja. Tafadhali usisubiri maumivu ambayo hayatakuja.

Si nina meno ya bandia ya kuvua?

Hayo hukaa juu ya ufizi. Hayazuii mfupa kupungua.

Navuta sigara kidogo tu.

Kwa heshima zote: acha. Sigara hupunguza damu inayofika kwenye kidonda, na mfupa uliopandikizwa unaishi kwa damu hiyo. Mwenye kisukari, sukari ishuke kwanza.

Baada ya hapo?

Mtori uliopoa, upande wa pili. Usisukutue kwa nguvu, usichokoe kwa kijiti. Wapo wanaochokoa "kuangalia kama pamepona". Uvimbe wa siku 2 au 3 ni kawaida. Ukiona usaha, homa, au uvimbe unazidi baada ya hapo, rudi siku hiyohiyo, usingoje Jumatatu. Skrubu huwekwa mfupa ukishashika, kwa kawaida baada ya miezi 4 hadi 6.