Dume Mkubwa Si Lazima Azae Ndama Wakubwa

Ndama wa ngamia mwenye nundu moja hukaa tumboni miezi 13 hivi, na mara nyingi huzaliwa akiwa na kilo 25 hadi 40. Anapohangaika kusimama kwa ile miguu inayopishana kama vijiti, wanaomtazama huwa wameshatoa hukumu: mifupa hii ni ya baba yake. Huenda ni kweli, lakini uzito wa siku ya kwanza husema mengi zaidi kuhusu tumbo alimotoka. Mama ana umri gani, hii ni mimba yake ya ngapi, alishiba au alishinda na njaa miezi ya mwisho: yote hayo yamo ndani ya zile kilo. Mchango wa dume upo, ila umefunikwa.

Tangu siku hiyo hadi aachishwe kunyonya, ndama anaishi kwa maziwa, na wingi wa maziwa hutegemea kwa sehemu jeni za mama. Kwa hiyo jike humpa mwanawe urithi mara mbili: kwanza nusu ya jeni zake, kisha maziwa. Pale ambapo binadamu naye anakamua, ukuaji wa ndama huonyesha pia ukarimu wa mkamuaji, kwa maana chuchu ni nne na kila inayokamuliwa ni ya ndama iliyopungua. Ukimpima ndama wa miezi sita ukadhani umempima baba yake, umejidanganya. Sisi tunaochagua mbegu tunapendelea uzito wa baada ya mwaka mmoja hadi miwili, wakati athari ya maziwa imeanza kufifia na mnyama anajitafutia mwenyewe.

Kuna namba moja inayotajwa sana katika jenetiki ya mifugo na kueleweka kwa nadra, nayo ni urithikaji. Iko kati ya 0 na 1, na inajibu swali hili: katika tofauti tunazoziona kati ya wanyama wa kundi moja, ni sehemu gani inayotokana na jeni wanazoweza kuwapa watoto wao? Urithikaji wa 0.3 haumaanishi kwamba asilimia 30 ya uzito wa ngamia fulani imeletwa na jeni na iliyobaki imeletwa na majani. Ngamia asiye na jeni hana uzito wowote, na asiyekula vilevile. Namba hiyo inahusu tofauti tu. Kwa mifugo wengi sifa za ukuaji huangukia katikati, mara nyingi kati ya 0.2 na 0.4. Tafiti za ngamia ni chache na majibu yake hutofautiana kundi kwa kundi, wala hilo lisitushangaze: malisho yanapobadilika ovyo, tofauti za mazingira hupanda na urithikaji hushuka, hata kama jeni ni zilezile.

Tufanye hesabu. Tuseme kundi lina wastani wa kilo 280 katika umri wa miaka miwili, na dume uliyemchagua alikuwa na kilo 340 alipofikia umri huo. Amewazidi wenzake kwa kilo 60. Majike hukuwachagua, kwa hiyo upande wao ziada ni sifuri, na wastani wa ziada ya wazazi wote wawili ni kilo 30. Zidisha kwa 0.3, unapata kilo 9. Hizo ndizo unazoweza kutarajia watoto wake wazidi wastani wa zamani, mambo mengine yakibaki sawa. Kilo 51 zilizobaki zimekwenda wapi? Thelathini zilipotea kwa sababu nusu ya jeni inatoka kwa majike ya kawaida, na 21 zilikuwa bahati: mvua nzuri, mama mwenye maziwa, mwaka usio na maradhi. Bahati hairithiwi. Sasa gawanya kilo 9 kwa urefu wa kizazi. Jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka minne au mitano, kisha hupata ndama mmoja kila miaka miwili hivi, kwa hiyo kizazi kimoja kinaweza kuchukua miaka minane. Faida yako ni kilo moja na kidogo kwa mwaka.

Nayasema haya bila nia ya kumkatisha mtu tamaa. Kilo hizo zikishaingia kwenye jeni za kundi hubaki na kupitishwa mbele bila gharama mpya, na ukichagua majike pia zinaongezeka. Ninachotaka kionekane ni udogo wa kitu tunachokitafuta, kwa sababu udogo huo ndio unaoamua tupime namna gani.

Kumpandisha ngamia kwenye mizani ni kazi ya wenye mizani. Wengine hutumia futikamba na kanuni inayojulikana sana kwa ngamia waliokomaa: kimo cha bega, mzunguko wa kifua na mzunguko wa tumbo unaopita juu ya nundu, vyote kwa mita, vizidishwe pamoja kisha mara 50. Kifua hupimwa nyuma kidogo ya ile sugu anayolalia. Jike mwenye kimo cha mita 1.85, kifua 1.95 na mzunguko wa nundu 2.30 anapata kilo 415 hivi. Ila futikamba ikilegea kidogo na kifua kikasomeka mita 2.00, jibu linakuwa zaidi ya kilo 425. Sentimita tano tu zimemeza faida ya kizazi kizima. Kwa ndama kanuni hiyo hupotoka zaidi, maana umbo lao ni tofauti na la wakubwa. Ndiyo sababu tunashauri apime mtu mmoja yuleyule, apime mara mbili, na mnyama awe amesimama wima juu ya ardhi tambarare.

Kisha linganisha walio sawa. Ndama wa msimu wa majani mabichi asishindanishwe na wa kiangazi, wala dume na jike, kwa sababu madume huwa wazito zaidi. Ndama mwenye kilo 150 katika kundi la wenzake wa kilo 130, waliozaliwa msimu mmoja na kula pamoja, ana habari njema kuliko mwenye kilo 180 miongoni mwa wenzake wa 185. Wengi hukataa hili wanapolisikia mara ya kwanza, kwa sababu jicho linaona 180.

Je, kipimo cha DNA hakiwezi kutuondolea usumbufu huu wote? Naulizwa hivyo karibu kila ninapozungumza na wafugaji. Ngamia ana kromosomu 74, na jenomu yake, yaani mpangilio mzima wa DNA yake, inajulikana: ya ngamia mwenye nundu mbili ilichapishwa mwaka 2012, na tangu 2014 tunayo pia ya mwenye nundu moja. Jeni zinazotazamwa kwa ukuaji ni zile za mnyororo unaofahamika kwa wanyama wengi. Tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni ya ukuaji, homoni huliamsha ini litoe protini iitwayo IGF-1, nayo huchochea mifupa na misuli. Upande wa pili kuna maiostatini, ambayo ni breki ya misuli. Ng'ombe wa aina ya Belgian Blue wamepungukiwa herufi 11 tu za DNA katika jeni ya maiostatini, breki ikafeli, na misuli yao ikavimba kiasi kwamba ndama wengi hutolewa kwa upasuaji.

Mfano huo umewaharibia watu matarajio. Jeni moja yenye nguvu hivyo ni jambo la nadra. Ukuaji wa kawaida huendeshwa na jeni nyingi mno, pengine maelfu, kila moja ikisukuma gramu chache. Utafiti ukilinganisha ngamia hamsini na kuona wenye herufi T mahali fulani ni wazito kuliko wenye C, hilo ni dokezo la kufuatiliwa katika makundi mengine, na bado ni mapema kulitumia kuchagua dume. DNA ina kazi nyingine iliyo tayari leo: nywele chache zilizong'olewa na mizizi yake hutosha kuthibitisha baba wa ndama pale ambapo madume wawili wamechanganyika na kundi. Bila baba wa uhakika hakuna hesabu ya urithi inayosimama.

Njia za kueneza mbegu ya dume mmoja nazo hazijawa rahisi. Uhimilishaji, yaani kumpandikiza jike shahawa bila dume kumpanda, unakwama kwa sababu shahawa za ngamia ni nzito kama ute, na jike hapevushi yai mpaka apandwe au achomwe homoni. Uhawilishaji wa viinitete, yaani kuhamishia mimba changa kwenye tumbo la jike mwingine, unafanyika, ila ni ghali. Mwaka 2009 alizaliwa Injaz huko Dubai, ngamia wa kwanza kutokana na kloni. Kloni hutoa nakala, na nakala haimpiti aliyenakiliwa.

Kuna pia suala la ukubwa wenyewe. Jike wa kilo 600 huhitaji nishati ya kujikimu inayozidi ya jike wa kilo 400 kwa asilimia 35 hivi, kila siku, hata wakati hana mimba wala maziwa. Ukichagua kasi ya ukuaji peke yake, unaongeza pia ukubwa wa mwisho, kwa kuwa sifa hizo mbili zinashirikiana jeni. Mahali penye kiangazi kirefu mimi ningemchagua dume anayekua upesi katika miaka miwili ya mwanzo, ambaye mama yake ni wa kimo cha kawaida na amezaa bila kuruka misimu.

Dume huyo akishaingia kundini, andika tarehe. Baada ya miaka minne au mitano binti zake wa kwanza watakuwa tayari kupandwa, na akiwa bado yupo, ndama watakaozaliwa watakuwa na mgawo wa undugu, yaani kipimo cha ukaribu wa nasaba ya wazazi wao, wa 0.25, kiwango kinachotosha kudhoofisha ukuaji na uhai wao. Aondoke au abadilishwe na dume wa kundi lisilo na nasaba naye kabla binti wa kwanza hajafikia umri huo, hata kama bado ana nguvu na anapendeza kuliko wote.