Kati ya "mawazo" na kichaa: ugonjwa wa akili ni nini?

Dodoma kuna hospitali ya wagonjwa wa akili, Mirembe. Imekuwapo tangu miaka ya 1920, na jina lake limeshageuka tusi: ukicheka peke yako ofisini, kuna atakayekuuliza umetoroka lini Mirembe. Nairobi wanataja Mathari, iliyoanza mwaka 1910. Unguja wanataja Kidongo Chekundu. Kwa mtu aliyefikishwa huko, Kiswahili hakina uchache wa maneno: kichaa, chizi, mwehu, mwendawazimu, amepagawa, amerukwa na akili. Kwa yule ambaye anaamka, anapanda daladala, anafika kazini na kurudi huku moyoni anazama, mtaani tuna neno moja tu: ana mawazo.

Ugonjwa wa akili umetanda katika eneo lote hilo, kuanzia "mawazo" hadi kichaa. Ni hali inayovuruga namna mtu anavyofikiri, anavyohisi au anavyotenda, ikamtesa au ikamfanya ashindwe kuendesha maisha yake. Mhudumu wa afya anapopima huangalia zaidi mambo mawili, yaani hali imedumu muda gani na imeharibu nini. Mtu aliyefiwa juzi halali, hali, analia usiku kucha. Huyo ana msiba, na msiba una njia yake. Lakini mtu akikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo mzito, hana hamu hata na vitu alivyovipenda, usingizi umekatika, nguvu zimekwisha, anajiona mzigo na anaanza kuwaza kufa, hapo tunazungumzia sonona.

Neno sonona wengi wamelisikia redioni, ila bado halijakaa mdomoni. Watu husema "stresi" kwa kila kitu. Stresi, au msongo wa mawazo, ni uzito wa jambo fulani: ada haijalipwa, mwenye nyumba anagonga mlango. Jambo likiisha, mtu hupumua. Sonona inaweza kubaki hata deni likishalipwa, na ndiyo maana kumwambia mgonjwa "jikaze" au "mshukuru Mungu, wenzako wana shida zaidi" humwongezea aibu tu.

Wengi wenye sonona huonekana kwanza zahanati, wala hawaji na neno huzuni. Wanasema kichwa kinawaka moto, mwili umekufa ganzi, moyo unakwenda mbio, tumbo linachoma. Wanapimwa malaria, wanapimwa taifodi, wanapewa dawa za vidonda vya tumbo, na mwezi ujao wamerudi. Maumivu yao ni ya kweli kabisa. Kinachokosekana ni mtu wa kuwauliza habari za nyumbani na za usingizi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970 walikuwa wakiishi na ugonjwa wa akili, sawa na mtu mmoja kati ya wanane. Wengi walikuwa na sonona au wasiwasi uliopita kiasi. Wenye skizofrenia, ugonjwa ambao mtaani ndio hasa huitwa kichaa, wanakadiriwa kuwa milioni 24 hivi, mmoja kati ya 300. Kwa hiyo yule mtu wa sokoni mwenye matambara, ambaye wengi humfikiria yanapotajwa magonjwa haya, yuko upande wa wachache.

Hata hivyo skizofrenia nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu inaonyesha jinsi ugonjwa wa mtu mmoja unavyouvunja ukoo. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana, au mtu akiwa na miaka ya ishirini. Fikiria umri huo kwetu una maana gani. Kijana amefaulu kidato cha sita, au amepata kazi mjini, au ndiye wa kwanza kijijini kwenda chuo. Ghafla anajifungia, haogi, anasikia sauti zinamwamuru, anasema mtangazaji wa redio anamsema yeye. Wazazi wanatafuta sababu na wanaikuta tayari imewasubiri: wivu. Nani hakufurahi alipofaulu? Hakosekani shangazi. Tafsiri ya kurogwa hukubalika upesi kwa sababu maradhi huja wakati uleule ambapo nyota ya kijana ilikuwa inang'aa. Ng'ombe wanauzwa, shamba linafuata, shangazi anageuka adui, na kijana anafika hospitali baada ya miaka.

Siwacheki wanaoanzia kwa mganga. Wanauliza "kwa nini yeye, na kwa nini sasa?", na hospitalini swali hilo mara nyingi halijibiwi. Hata lugha yenyewe inawasukuma huko: wazimu ni ndugu wa mzimu, na majinuni ametoka kwa Waarabu akiwa na jini wake ndani ya jina. Jibu la kitabibu halina mchawi mmoja wa kumkamata. Kuna urithi wa damu, namna ubongo ulivyokua, kuvurugika kwa kemikali kama dopamini, na bangi inayouamsha ugonjwa kwa aliyekuwa na mwelekeo huo. Tena wanaosema "malaria imempanda kichwani" wakati mwingine wako sahihi. Malaria kali, maambukizi na maradhi mengine ya mwili huweza kumfanya mtu aweweseke, na ndiyo sababu vipimo vya mwili hutangulia.

Dawa za kutuliza sauti hizo zipo tangu miaka ya 1950. Kuna vidonge, na kuna sindano inayochomwa mara moja kwa mwezi kwa asiyeweza kumeza kila siku. Zina madhara yasiyopaswa kufichwa: shingo kukakamaa, mikono kutetemeka, udenda, unene. Familia isipoambiwa mapema hudhani dawa ndiyo imemharibu mtoto na kuiacha, kumbe kipimo kinaweza kupunguzwa au akapewa dawa ya kulegeza misuli.

Nyumbani kuna mwingine anayeumia kimyakimya: mama au dada aliyeacha biashara ili amlinde mgonjwa. Nyumba nyingine humfunga kamba au mnyororo, mara nyingi kwa woga kuliko ukatili. Majirani huogopa kupigwa, ingawa wagonjwa hawa hupigwa na kunyanyaswa zaidi ya wanavyowadhuru wengine. Wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, wengi kwa moyo, kisukari na maambukizi. Mara nyingine hata hospitalini, akisema kifua kinauma, huonekana anaropoka tu.

Halafu kuna sheria. Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 cha namna hiyo, hadi Mahakama Kuu iliposema Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Familia inayoogopa polisi itasema binti alikunywa dawa ya panya kwa bahati mbaya. Atasafishwa tumbo, ataruhusiwa, na hakuna atakayemuuliza lolote. Na kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumwingizii wazo hilo kichwani. Wengi huona wametuliwa mzigo.

Zimbabwe walianza kwa neno la kwao. Washona husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na daktari Dixon Chibanda akalichukua hilohilo. Tangu mwaka 2006, bibi waliofunzwa hukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati za Harare na kumsikiliza mtu mpaka wachague pamoja tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliopita kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika hadi Zanzibar. Bibi huanza na maswali 14, na la kwanza halitaji ugonjwa wowote: linauliza tu kama wiki iliyopita kulikuwa na wakati ulikuwa ukiwaza sana.