Nguzo ya dishi kubwa uani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dishi la mita 1.8 au 2.4 likipoteza picha msimu wa mvua, wa kwanza kulaumiwa ni LNB (kifaa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi), kisha dikoda. Mara nyingi kosa limo ardhini, kwenye nguzo.

"Nguzo ikiwa ndefu, dishi linashika vizuri zaidi."

Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mita mbili za bomba hazikusogezi popote. Dishi linachotaka ni anga isiyozibwa, na hapo wakazi wa Nakuru na Kisumu tuna bahati, kwa kuwa ikweta iko karibu nasi na dishi hutazama juu sana. Kwa nafasi ya digrii 68.5 mashariki, ilipo Intelsat 20, unaelekeza mashariki kabisa na kuinua digrii 52 ukiwa Nakuru, karibu 51 ukiwa Kisumu. Mkaratusi uliolipita dishi kwa mita 10 haukuzibii kitu ukiwa umbali wa mita 9.

Urefu wa ziada unaleta hasara tupu. Upepo wa kilomita 80 kwa saa ukilikabili dishi la mita 1.8 hulisukuma kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 80 hivi, na nguzo ikirefushwa maradufu, nguvu ya kuing'oa pale chini nayo inakuwa maradufu. Mita 1.5 juu ya ardhi inatosha. Tumia bomba la chuma la inchi 3, lenye unene wa milimita 4 au zaidi.

"Shimo la futi mbili, mawe na saruji kidogo, basi."

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chimba sentimita 60 kwa 60, kina mita 1, na umwage kokoto kidogo chini ili maji yapate pa kupita. Chomelea vipande viwili vya nondo kwa kukingamana karibu na mwisho wa bomba. Bila hivyo, upepo hulizungusha bomba ndani ya zege polepole, nawe unabaki kurekebisha dishi kila mwezi bila kujua sababu. Shimo hilo linakula mifuko miwili na nusu ya saruji. Kila mfuko uchanganye na wilbaro moja ya mchanga na mbili za kokoto. Usizidishe maji: zege linalotiririka kama uji halina nguvu.

Udongo nao una mambo yake. Ule mweusi wa tambarare za Kano, karibu na Kisumu, huvimba ukilowa na kupasuka jua likiwaka. Huko teremka hadi mita 1.2 au zaidi, na upanue shimo chini, si juu. Zege lenye kichwa kipana kama uyoga hushikwa na udongo unaovimba na kuinuliwa pamoja na nguzo. Udongo wa majivu ya volkano wa Nakuru hulegea maji yakituama, kwa hiyo malizia zege kwa mteremko ili mvua ikimbie mbali na bomba.

Funika zege kwa magunia yenye maji, na usipandishe dishi kabla ya siku saba.

"Ikiegemea kidogo si neno, dishi litarekebishwa juu."

Kwa dishi lisilohama, unaweza kweli kufidia mwegamo wa siku ya kwanza. Lakini nguzo iliyoegemea hukuchosha: ukizungusha dishi kutafuta upande, pembe ya kuinua nayo inabadilika. Pima kwa pima maji pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba, kabla zege halijashika.

Mwegamo unaokuja baadaye ndio wa kuogopa. Kwa dishi la mita 1.8 kwenye bendi ya Ku (ya mawimbi mafupi), kukosea nusu digrii kunapoteza nusu ya nguvu ya mawimbi. Kwenye nguzo ya mita 1.5, hiyo ni sentimita 1.3 tu pale juu. Bendi ya C, yenye mawimbi marefu zaidi, inavumilia hadi sentimita 4 hivi.

"Dikoda inaonyesha nguvu ya mawimbi asilimia 90, kwa hiyo dishi liko sawa."

Nguvu huonyesha zaidi kwamba LNB ina umeme na kebo ni nzima. Angalia kipimo cha ubora wa mawimbi. Ukiwa sifuri ilhali pembe ni sahihi, geuza LNB: huku ikweta, kwa setilaiti iliyo mashariki, hukaa karibu robo mzunguko tofauti na michoro ya Ulaya.

"Nguzo imo kwenye zege, radi haina shida."

Zege halitoshi. Kanda ya Ziwa ina radi nyingi mno. Pigilia fimbo ya shaba ya mita 1.2 kando ya nguzo na uiunganishe kwa waya mnene wa shaba. Hata hivyo radi ikipiga moja kwa moja, waya huo hauokoi dikoda. Ukisikia ngurumo, chomoa plagi na pia kebo ya dishi.