Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za mawe Bagamoyo ni vyembamba?

Mji Mkongwe wa Bagamoyo, pale posta ya zamani, watu wanapiga picha mlango wa nakshi halafu wanasepa. Historia ya posta yenyewe fupi tu: Mjerumani alifungua huduma Bagamoyo na Dar tarehe 4 Oktoba 1890, mwaka uliofuata makao makuu ya koloni yakahamia Dar, basi.

Mie nilichokuwa nang'ang'ania ni vyumba. Kwa miaka nimewaambia wageni, kwa kujiamini kabisa, kwamba nyumba za mawe za hapa zina vyumba kama korido kwa sababu Mjerumani alizipanga kiofisi, watu wakae foleni. Kumbe pumba. Vyumba virefu vyembamba vipo Songo Mnara kule Kilwa, magofu ya karne ya 14 na 15, Mjerumani hata hajaota kuja huku. Na nyumba za watu kulala, zisizojua stempu ni nini, nazo ziko hivyohivyo. Yaani foleni niliitunga mwenyewe.

Mwenye kesi ni boriti, mti wa mkoko. Dari ya kizamani ni boriti zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa, mzigo mzito balaa. Sasa chukua ubao uuweke juu ya mtaro, ukikatiza unakubeba vizuri tu. Sogeza kingo za mtaro mbali mara mbili, ubao uleule, mtu yuleyule kasimama katikati, utabonyea mara nane, sio mbili! Kwa hiyo fundi aliishia kwenye mita mbili na nusu hadi tatu hivi, akitaka chumba kikubwa anakivuta kwa urefu, upana haugusi. Ukikuta chumba kipana, tafuta nguzo katikati, tao, au chuma kilichokuja baadaye.

Ila usipime umri wa nyumba kwa mlango, milango ya nakshi imehamishwa sana, na mingine ilisimamishwa kwanza ndo nyumba ikajengwa kuufuata. Boriti nazo zinaoza zinabadilishwa, lakini mbadala wake ulitoka kwenye mkoko uleule, kuta zimeshasimama, chumba kikabaki na upana wake wa zamani.