Bundi wa Pemba si ndege wa uchuro: tumtazame na kumpiga picha bila kumsumbua

Baada ya sala ya Magharibi, simama kando ya mikarafuu karibu na msitu wa Ngezi, ukae kimya. Haupiti muda utasikia sauti moja fupi, "hu!", kisha kimya, kisha "hu!" nyingine. Mara nyingine mwenzake humjibu kutoka mti wa pili. Huyo ni bundi wa Pemba, mwenye urefu wa sentimita 20 hivi, na duniani kote hapatikani ila katika kisiwa hiki.

Inaniuma kwamba wengi wetu tumelelewa kumwogopa. Akilia juu ya paa, watu hudhani mgonjwa wa nyumba hiyo hatapona, na watoto huokota mawe. Ninyi mliosoma mnaijua hadithi ya Mtume inayokanusha tiyara, yaani mkosi wa ndege, na inayoitaja pia hama, ambayo maulamaa wengi wameieleza kuwa ni bundi. Huyu wetu anakula wadudu. Analia ili ajulishe mipaka ya eneo lake na kumwita mwenzake, basi.

Kwa nini awepo Pemba asiwepo Unguja? Jibu liko baharini. Zama za barafu, maji yaliposhuka kwa zaidi ya mita 100, Unguja iliungana na bara. Pemba haikuungana, kwa sababu mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita. Ndege waliokuwa huku wakabaki peke yao, wakabadilika kizazi baada ya kizazi. Mbali na bundi tunao ninga wa Pemba, mwenye kichwa na kifua cha kijivu, kinengenenge wa Pemba, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, na chozi wa Pemba, ambaye dume lake humetameta kijani na zambarau. Chozi hahitaji safari. Mtafute kwenye maua ya bustani yako.

Kwa ndege wa mchana, toka mapema, kabla jua halijawa kali. Ndani ya Ngezi miti imefungamana, kiza kinakuwepo hata saa tatu asubuhi, na picha hutoka na ukungu kwa sababu mkono umetikisika. Mimi huwashauri wanaoanza wabaki ukingoni mwa msitu au kwenye vilima vya mashamba, waegemeze kamera kwenye shina la mti, na walenge jicho la ndege. Jicho likitoka wazi, sehemu nyingine hata zikififia picha bado ina uhai. Ukiona mti wenye matunda yaliyoiva, usiuzunguke. Kaa chini, subiri. Ninga watakuja wenyewe.

Usiku ndipo makosa makubwa yanapofanyika. Mboni ya bundi gizani imefunguka sana, na flashi ikimmulika usoni anaweza kushindwa kuona vizuri kwa muda, wakati ule ule anaotakiwa kuwinda. Tumia tochi hafifu iliyofunikwa kitambaa chekundu, kwa sekunde chache, kisha izime.

Baya zaidi ni kupiga sauti yake kwenye simu ili asogee. Najua inafanya kazi, na ndiyo sababu watu wanaipenda. Lakini bundi akisikia "hu!" ya mgeni hudhani eneo lake limevamiwa. Huacha kuwinda, huja kupigana na adui asiyekuwepo, na kama ana makinda yanabaki bila mlinzi. Kikundi kimoja kikipiga leo na kingine kesho kwenye njia ile ile, ndege hapati usiku wa kupumzika. Tafadhali, usiipige hata mara moja.

Vilevile, simu nyingi huhifadhi mahali picha ilipopigwa. Kabla ya kuituma mitandaoni, ondoa taarifa hizo, hasa kama kuna kiota. Andika "Pemba", inatosha.

Shambani kwa mtu, bisha hodi na uombe ruhusa. Ngezi, pitia kwanza kwa wahifadhi wa msitu na uombe mwongozaji wa matembezi ya usiku. Hao wanapita humo kila siku, na mara nyingi wanajua bundi amelala mti gani wiki hii.