Lubumbashi si mji wa kale, na ule si mlima

Mgeni akitoka Goma, swali lake la kwanza Lubumbashi huwa kuhusu ule mlima mweusi ulio kando ya bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. "Yaya, huku nako kuna volkano?" Aliyekulia chini ya Nyiragongo ana haki ya kuuliza. Lakini huku hakuna volkano. Lile ni lundo la mabaki ya kuyeyusha shaba. Reli ilifika kutoka kusini mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la Union Minière, kampuni ya madini ya Wabeleji, likaanza kuyeyusha mawe ya mgodi wa Kalukuluku. Mabaki yalimwagwa pale yangali moto, yakaganda, yakapandiana miaka kwa miaka.

Mgeni akishaelezwa, hukimbilia kosa la pili: basi ni takataka tu. Takataka gani yenye kobalti, zinki na jerimaniamu ndani yake? Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 lundo hilo linachimbwa upya na kuyeyushwa tena. Kwangu mimi ndilo mnara wa kwanza wa historia ya mji huu, kabla ya kanisa au ofisi yoyote.

Halafu kuna hili la "mji wa kale". Matofali mekundu ya kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, baraza pana na nguzo nene humfanya mtu adhani yuko mbele ya majengo ya karne nyingi. Mtu wa Lamu angecheka. Mji ulianzishwa mwaka 1910, Émile Wangermée akapanga barabara zilizonyooka, nao ukapewa jina la malkia wa Ubelgiji: Élisabethville. Jina la Lubumbashi, ambalo ni la mto, lilichukua nafasi yake mwaka 1966. Kilicho cha kale Katanga, eneo hili la kusini mwa Kongo, ni ufundi wa shaba, si nyumba. Kwenye makaburi ya zamani ya Sanga, huko Upemba, watu walizikwa na misalaba ya shaba iliyotengenezwa karne nyingi kabla ya Mbeleji kufika. Pita Makumbusho ya Taifa uulizie misalaba hiyo kabla ya kupiga picha za baraza.

"Wabeleji ndio walijenga." Walitoa amri na pesa, sawa. Lakini sinagogi ya karibu mwaka 1930, kazi ya msanifu Raymond Cloquet, ilikuwa ya Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes. Rabi Moïse Levy alifika mwaka 1937 akahudumu mpaka mwaka 1991. Wagiriki na Waitaliano nao walikuwa na maduka na kampuni zao. Na mikono iliyobeba mawe na matofali ilitoka vijiji vya Katanga, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), hata Rwanda. Majina yao hayakuandikwa ukutani. Udongo wa kichuguu, ambao vijana wanauchoma kuwa matofali hadi leo, unaeleza mengi kuhusu mji huu kuliko vibao vya shaba vilivyo milangoni.

Jengo la 30 Juni watu hulidhania kuwa lilijengwa liwe bunge. Hapana, ni ukumbi wa michezo ya kuigiza wa miaka ya 1950, kazi ya Claude Strebelle na wenzake. Siasa iliingia humo baadaye, Katanga ilipojitenga na Kongo na kujitangazia uhuru tarehe 11 Julai 1960.

Wengine husema historia yote iko mjini kati, ng'ambo ni makazi tu. Huo ndio mtazamo wa walioweka eneo tupu kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika ili wasichanganyike. Mtaa ule ndio Kamalondo ya leo, yenye uwanja wa TP Mazembe, klabu iliyoanzishwa mwaka 1939.

Na usiamini anayekwambia majengo haya yanalindwa. Sheria ya urithi wa utamaduni ipo tangu tarehe 15 Machi 1971, lakini haijazuia nyumba nyingi za baraza kubomolewa ili maghorofa ya maduka yapande. Zilizobaki nenda ukazitazame Jumapili asubuhi, wakati maduka mengi yamefungwa na hakuna bidhaa zinazoficha kuta.