Kwa nini kadi ya benki ya Nairobi inaweza kugoma Havana?

Je, wajua kwamba anayepanga safari ya Cuba hushauriwa kubeba taslimu za safari nzima, kuanzia malazi na chakula hadi teksi na dharura, hata kama kadi yake inakubalika Dubai, London na Guangzhou? Wengi husema ni kwa sababu Cuba ni nchi maskini isiyo na mashine za kadi. Si kweli. Havana ina ATM, hoteli zina mashine za kadi, na wafanyakazi wengi wa serikali hupokea mishahara yao kwenye kadi. Kinachokwamisha malipo kiko mbali na Havana, na mara nyingi kiko mbali na Nairobi pia. Kiko New York.

Jibu jingine, linalosikika zaidi, ni kwamba Marekani imepiga marufuku watu kwenda Cuba. Hili tulifafanue taratibu, maana ndilo linalowapotosha wasafiri wengi. Rais John F. Kennedy alitangaza vikwazo vya biashara Februari 1962, na Julai 1963 zikatoka kanuni za kudhibiti mali na malipo yanayohusu Cuba. Kanuni hizo zilisimama juu ya sheria ya mwaka 1917 ya kuzuia biashara na adui, iliyotungwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wanasheria waliolenga Cuba walibana mfuko wa msafiri: aliye chini ya mamlaka ya Marekani hana ruhusa ya kulipia chumba, nauli wala kikombe cha kahawa kisiwani bila kibali. Suala hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1984 majaji wakakubali kwamba serikali inaweza kuzuia matumizi ya fedha za safari. Hadi leo Mmarekani huenda Cuba kupitia makundi 12 ya vibali, kama vile kutembelea ndugu, uandishi wa habari, dini au utafiti. Utalii mtupu haumo, kwa sababu Bunge la Marekani liliufungia mlango mwaka 2000.

Mkenya au Mtanzania mwenye benki ya kwao hafungwi na kanuni hizo. Havunji sheria yoyote ya nchi yake akienda Havana. Cuba ina balozi Nairobi na Dar es Salaam, na mwaka 2018 Kenya ilileta madaktari wa Cuba kwa makubaliano ya serikali kwa serikali. Lakini sheria inayolenga malipo hufika popote malipo yanapopita, na malipo ya dola yana njia yake.

Kuielewa njia hiyo, chukua maduka mawili ya vijijini, la Mzee Juma kule Newala na la Mama Asha kule Tandahimba. Wote wawili huchukua bidhaa kwa tajiri mmoja wa jumla Mtwara mjini, na kila mmoja ameweka kwake akiba ya fedha. Mzee Juma akitaka kumlipa Mama Asha shilingi laki moja, hana haja ya kumtuma kijana na bahasha. Anampigia tajiri, na tajiri anafungua daftari, anapunguza laki moja kwenye ukurasa wa Juma na kuiongeza kwenye ukurasa wa Asha. Hakuna noti iliyosafiri. Sasa tuseme tajiri amegombana na ukoo mmoja, na ameapa kwamba malipo yoyote yanayoelekea kwa ukoo ule hayataandikwa kwenye daftari lake. Mzee Juma hana ugomvi na mtu, na Mama Asha kosa lake ni kuwa wa ukoo ule tu. Hata hivyo malipo yamekwama, kwa sababu daftari si lao.

Benki za dunia hufanya hivyo hivyo na dola. Benki ya Nairobi huwa na akaunti katika benki wakala New York, na benki ya Hamburg pia ina ya kwake. Malipo ya dola baina yao huandikwa huko, chini ya sheria za Marekani, hata kama mlipaji na mlipwaji hawajawahi kufika Marekani. Mwaka 2012 polisi mmoja wa Denmark alituma takriban dola 26,000 kwa muuzaji wa sigara nchini Ujerumani. Sigara zilikuwa za Cuba, na ni halali kabisa katika nchi zote mbili. Fedha zilitoka nchi jirani kwenda nchi jirani, lakini kwa kuwa alilipa kwa dola, zilipita Marekani na zikazuiwa huko. Mfano huu unanivutia kuliko wote, kwa sababu hakuna hata mtu mmoja kwenye biashara ile aliyekuwa Mmarekani.

Benki zina sababu ya kuogopa. Mwaka 2014 BNP Paribas ya Ufaransa ilikubali kulipa karibu dola bilioni 8.9 kwa kupitisha malipo yaliyohusu Sudan, Iran na Cuba. Baada ya adhabu kama hiyo, benki nyingi hazisubiri kuchunguza kama muamala wako ni halali. Huifunga Cuba yote kwenye mfumo, na kadi inakataliwa hata kwa malipo yasiyogusa dola. Benki inayomilikiwa na Wamarekani hufungwa na kanuni hizo popote ilipo, kwa hiyo kampuni tanzu iliyosajiliwa Afrika nayo imo. Kadi za Visa na Mastercard za benki zisizo za Marekani zimekuwa zikifanya kazi Cuba kwa miaka mingi, ila inategemea benki na benki. Waulize wako kwa maandishi kabla ya kukata tiketi, na usiridhike na jibu la "kadi yetu ni ya kimataifa".

Tuseme imekubali. Bado kuna kiwango cha ubadilishaji. Kuanzia Agosti 2022 dola moja ilinunuliwa rasmi kwa peso 120 za Cuba, na ATM hufuata kiwango rasmi. Mwaka 2024 mtaani ilivuka peso 300. Chakula cha peso 3,000 kilikugharimu dola 25 kwa kiwango kile rasmi, na dola 10 au pungufu kwa cha mtaani. Kubadilisha fedha mtaani ni kosa, na matapeli wapo, kwa hiyo wageni wengi hulipa moja kwa moja kwa fedha za kigeni katika nyumba za wageni za watu binafsi, zinazoitwa casa particular, na katika migahawa binafsi. Viwango hubadilika, basi viangalie wiki ile ile ya safari.

Halafu kuna umeme. Tarehe 18 Oktoba 2024 kituo cha Antonio Guiteras huko Matanzas kilizimika na gridi ya kisiwa kizima ikaanguka, watu milioni 10 wakabaki gizani. Umeme ukikatika, ATM na mashine ya kadi vyote vinalala. Beba tochi na chaja ya akiba. Beba pia dawa zako zote, hata za maumivu ya kichwa, kwa sababu maduka ya dawa huwa matupu.

Mengine ni mepesi: bima ya afya ya safari ni lazima tangu Mei 2010, na fomu ya kuingia Cuba, inayoitwa D'Viajeros, hujazwa mtandaoni kabla ya kufika. Usipitie Miami. Ndugu zetu wenye pasipoti za Ujerumani au Uingereza wajue kwamba aliyekanyaga Cuba tangu tarehe 12 Januari 2021 hawezi tena kuingia Marekani kwa ESTA, yaani kibali cha mtandaoni cha kuingia bila viza; ni lazima aombe viza ubalozini. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania huomba viza ya Marekani kwa vyovyote vile.

Sasa, taslimu ipi? Juni 2021 benki za Cuba ziliacha kupokea amana za noti za dola, na serikali ikaeleza kwamba vikwazo vimeifanya ishindwe kupata benki ya nje ya kuzipokea. Dola zilikuwepo mkononi, hazikuwa na pa kwenda. Amana hizo ziliruhusiwa tena Aprili 2023, lakini ni wazi zinaweza kufungwa wakati wowote. Euro haina shida hiyo kwa kiasi kile, kwa kuwa madaftari yake makuu yako Ulaya. Basi beba euro kwa wingi, na dola kidogo za ziada. Noti ziwe ndogo ndogo, za 5, 10 na 20, safi na zisizochanika, kwa sababu chenji ya fedha za kigeni ni adimu na noti iliyoandikwa kwa kalamu hukataliwa.